Mary hakufa mtini

Je, Mary alikufa aliponyongwa, na anayeongea mwishoni ni mzimu wake? Hapana, hakufa. Katika shairi "Half-Hanged Mary" la mwandishi wa Kanada Margaret Atwood, Mary anatundikwa mtini kwa tuhuma za uchawi, ananing'inia usiku kucha na asubuhi wanamshusha akiwa hai. Tazama vichwa vya sehemu zake: ni saa, kuanzia saa moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kisha inafuata sehemu ya maisha yake baada ya hapo. Kwa hiyo anayeongea mwishoni si mzimu. Ni mwanamke aliye hai anayesema kwamba zamani hakuwa mchawi, ila sasa ndiye. Hapo ndipo uzito wa shairi ulipo, maana makosa anayoyataja mwanzoni ni kuishi peke yake, sketi zilizochakaa, shamba lenye magugu lililo kwa jina lake, na kujua dawa ya chunjua. Uchawi gani huo? Waliomtundika ndio waliomfanya awe walichokiogopa.

Kisa chenyewe ni cha kweli: Mary Webster wa Hadley, Massachusetts. Mwaka 1683 mahakama ya Boston ilimwona hana hatia ya uchawi, kwa hiyo waliomtundika baadaye walikuwa watu wa mji wake, bila hukumu yoyote. Kesi maarufu za uchawi za Salem, mji mwingine wa Massachusetts, zilikuja baadaye, 1692.

Ila usilitumie shairi kama kumbukumbu ya historia. Mary halisi alikuwa na mume, na hilo la kuachwa mtini usiku kucha ni simulizi moja tu kati ya kadhaa. Nyingine inasema alishushwa akiwa mahututi, akafukiwa kwenye theluji.