Ukiitwa kutibu kwenye maafa, ulizia maji kwanza

Wauguzi na matabibu wanaoitwa kwa mara ya kwanza kwenda kuhudumia watu waliokimbia vita au mafuriko huniuliza wabebe dawa gani. Huwaambia waulizie maji kwanza. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha kwa watu 20. Ukikuta kambi inapata theluthi ya hapo, wodi yako itajaa, dawa ziwepo zisiwepo.

Goma ilituonyesha hayo mwaka 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliokuwa wameponea risasi na mapanga walikufa kama 50,000 ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kipindupindu kikiingia, usingoje majibu ya maabara ndipo uanze kutibu. Aliyelegea, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, mtundikie dripu mara moja. Wengi waliobaki watapona kwa ORS, yaani maji ya kunywa yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi na sukari, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hukwama: wanataka kumnywesha kila mgonjwa wenyewe. Hamtoshi. Mkalishe ndugu wa mgonjwa, mpe kikombe na kijiko, mwonyeshe namna ya kunywesha kidogo kidogo, na mwambie mgonjwa akitapika asubiri dakika kumi aendelee. Nimeona akina mama wakifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko sisi tuliovaa makoti. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitawavusha.

Chanjo ya surua nayo haingoji. Wapewe watoto wa miezi 6 hadi miaka 15, hata wale ambao wazazi wanasema walishachanjwa. Chanjo huharibika isipokaa kwenye baridi, kwa hiyo mafuta ya jenereta ya friji ni mali ya matibabu. Usikubali yachotwe kuendeshea gari la mkubwa yeyote.

Baada ya tetemeko utasikia watu wakishinikiza maiti zizikwe harakaharaka zisilete magonjwa. Waliokufa kwa kuangukiwa na nyumba kwa kawaida hawaleti mlipuko. Waacheni ndugu wawatambue.

Penye vita, shughuli ngumu ni bunduki. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda majeruhi wa upande wowote, lakini askari aliyebeba mwenzake anavuja damu hatasoma bango lako la silaha marufuku. Nenda ukazungumze na makamanda wa pande zote kabla majeruhi hawajaanza kuletwa, na ikiwezekana uongozane na mzee wa hapo anayeheshimika. Kisha weka mtu getini, mtulivu, asiyependa kubishana, wa kuwaelekeza waache silaha nje kwa wenzao. Kijana mwenye hasira usimweke hapo hata kama ni hodari.