Herufi za vidoto: maswali yenu

Tangu niitaje Press Start 2P, ile fonti ya bure yenye sura ya magemu ya zamani, maswali yamemiminika. Haya hapa manne.

Nimeiweka kwenye gemu ninalotengeneza, lakini herufi zinatoka na ukungu. Tatizo ni simu? (Mwanza)

Simu haina kosa. Nakisia umeweka ukubwa wa 14 au 20. Kila herufi imechorwa ndani ya kisanduku cha vidoto 8 kwa 8. Ukiiweka pikseli (nukta za kioo) 8, 16, 24 au 32, kila kidoto kinakaa juu ya pikseli kamili. Ukiiweka 20, kidoto kimoja kinadai pikseli mbili na nusu, na kioo hakina nusu. Programu inapaka kijivu pembeni kuficha aibu. Shika hesabu ya nane, kisha zima ulainishaji wa kingo, ndio unaopaka kijivu hicho.

Mbona mistari ya wima ni minene kuliko ya mlalo? Mchoraji alikosea? (Nakuru)

Hata kidogo. Sura hii ilianza kwenye gemu la Quiz Show la mwaka 1976, Namco, kampuni ya magemu ya Japani, wakaichukua, na Cody Boisclair akaitengenezea fonti ya kompyuta, ndiyo hii yetu. Kwenye televisheni za kichogo, mstari wa wima wa kidoto kimoja ulififia, ndiyo maana ukapewa viwili. Kumbukumbu ya mashine nayo ilikuwa ghali: vidoto 64 vya kuwaka au kuzima ni baiti 8 tu kwa herufi. Herufi kubwa hukaa ndani ya 7 kwa 7, safu inayobaki ikizitenganisha zisigusane. Sasa itazame M: nguzo mbili zimekwishakula safu nne, bonde lote limejengwa kwa tatu zilizosalia. Mimi huyo M namvulia kofia.

"Ng'ombe" inaonekana kama maneno mawili. Nifanyeje? (Unguja)

Kwenye fonti hii kila alama hupewa chumba sawa, hata ritifaa (hicho kialama cha '), ndiyo maana pengo linakuwa kubwa. Leseni yake inaruhusu kuibadilisha: ifungue kwenye programu ya kuchorea fonti, punguza upana wa ritifaa hadi safu tatu au nne, uihifadhi kwa jina lingine. Na ukiwa humo, pima maneno yako. Kioo cha Game Boy, ile mashine ya magemu ya mkononi, kina upana wa pikseli 160, yaani herufi 20 kwa mstari. "HONGERA, UMESHINDA!" inaenea kwa 19, ponea chupuchupu. "HUJAFANIKIWA KUVUKA NGAZI" ni 25; andika "UMESHINDWA" yaishe.

Itafaa kwenye menyu ya mgahawa? (Dar es Salaam)

Jina la mgahawa juu, sawa. Pilau, mchuzi na bei zake viandike kwa fonti ya kawaida; mwenye njaa hana subira ya kuhesabu vidoto.