Kabla ya kumnunulia mzee shime sikio nyingine, ulizia kipimo cha ndani ya sikio

Mkuu, umesema mzee anasikia vizuri bomba likitiririka na karatasi zikikunjwa, ila maneno ya watu hayashiki, na aliyemfungia shime sikio (kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni) anajibu kwamba kompyuta ilishapanga kila kitu kwa kufuata odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu. Unauliza kama ununue za bei ya juu zaidi. Kupima masikio na kufunga vifaa hivi ndiyo kazi yangu, na jibu langu ni kwamba usinunue bado. Uliza kwanza: sauti inayotoka kwenye kifaa ilipimwa ikiwa ndani ya sikio la mzee mwenyewe?

Odiogramu huonyesha sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia katika kila masafa, yaani kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Haisemi kifaa kiongeze kiasi gani. Hiyo ni kazi ya fomula. Mwaka 1944 mtaalamu Samuel Lybarger alipendekeza kanuni ya kuongeza takriban nusu ya usikivu uliopotea. Siku hizi zinazotumika sana ni NAL-NL2 ya National Acoustic Laboratories ya Australia, iliyotoka 2011, na DSL iliyoanzia Kanada kwa kuwafikiria watoto zaidi. Fomula hizi hutoa shabaha: mtu akiongea kwa sauti ndogo, ya kawaida au kubwa, sauti ifike kiasi gani karibu na ngoma ya sikio.

Sasa, programu ya kiwandani hukisia tu kwamba shabaha imefikiwa, kwa kutumia sikio la wastani. Lakini sikio la wastani halina mwenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 25, na lenyewe hukuza sauti za karibu na hezi 2,700 (hezi ni kipimo cha masafa), kila mtu kwa kiasi chake. La mtoto mchanga ni dogo, hivyo kifaa kilekile humpelekea sauti kubwa zaidi. Kijikofia cha silikoni kinachoingia sikioni kikiwa hakibani vizuri, sauti nzito huvujia nje. Watafiti Aazh na Moore walipochapisha vipimo vyao mwaka 2007, zaidi ya nusu ya masikio yalikuwa yamekosa shabaha kwa zaidi ya desibeli 10 kwenye masafa fulani, kwa mpangilio ule wa kwanza wa programu. Waliporekebisha huku wakipima, mengi yaliingia kwenye mstari.

Kipimo chenyewe hakiumi. Natazama kwanza kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio, maana nta ya sikio ikiziba ncha ya mrija wa kupimia kipimo chote kinaharibika. Kisha naingiza mrija laini, mwembamba, uliounganishwa na maikrofoni, mpaka ncha ibakize kama milimita 5 kufika kwenye ngoma. Kwa mwanamke mtu mzima naweka alama kwenye mrija milimita 28 kutoka nchani, kwa mwanaume 30 hivi. Kifaa kinavaliwa pamoja na mrija, spika iliyo mbele inatoa mazungumzo, nami nasoma kwenye skrini kinachofika kule ndani. Mara nyingi natumia sauti ya majaribio iitwayo ISTS: wanawake sita wakisoma kwa Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiingereza, vipande vimekatwakatwa na kuungwa upya. Unasikia kabisa kwamba mtu anaongea, lakini huambulii neno.

Alikuja kwangu bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na lalamiko kama la mzee wako. Mstari wake kwenye skrini ulifuata shabaha vizuri mpaka karibu na hezi 1,500, halafu ukaporomoka. Kule chini ndiko irabu zilikolala, ndiyo maana alisikia kwamba unaongea. Nguvu ya s, f na sh iko juu. Kwake "saa", "faa" na "taa" zilikuwa neno moja. Nilipopandisha masafa ya juu kifaa kikaanza kupiga mluzi, nikabadilisha kijikofia nikaweka kinachobana, mluzi ukakata, mstari ukapanda. Akasema sauti yangu imekuwa kali, ina kama chuma ndani. Hilo ni la kawaida kwa mtu aliyekaa miaka bila sauti hizo. Nilishusha kidogo, nikawa nampandishia taratibu kila aliporudi. Kabla hajaondoka nilipitisha pia sauti kubwa sana kuhakikisha kifaa hakivuki kiwango anachoweza kuvumilia. Tafadhali msiruke hatua hii.

Usitegemee peke yake swali la "unaonaje, nafuu?" Mtafiti Dawes na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wakipewa vifaa viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kikiitwa kipya, hicho "kipya" ndicho walichokifanyia vizuri zaidi, hata kwenye jaribio la kutambua maneno penye kelele. Ndiyo maana napenda utaratibu wa 1997 uitwao COSI, wa kupima nafuu kwa malengo ya mgonjwa mwenyewe: kabla ya kufunga chochote, mzee anataja mambo machache anayotaka kuyasikia, yanaandikwa kwa maneno yake, na baadaye mnarudi kwenye karatasi ileile. "Kuzungumza na mjukuu kwenye simu" kunapimika. "Kusikia vizuri" hakupimiki.

Kuhusu bei, mtafiti Humes na wenzake kule Marekani walichapisha mwaka 2017 jaribio ambamo baadhi ya wazee walilipa pesa nyingi na wengine kidogo kwa kifaa kilekile. Bei haikubadilisha matokeo.

Nikuambie ukweli mwingine: shabaha inaweza kufikiwa na maneno bado yasieleweke, hasa kama seli za sikio la ndani zimeharibika sana. Hapo maikrofoni ndogo inayovaliwa na mzungumzaji itamsaidia kuliko kifaa ghali.

Mrudishe kwa huyohuyo fundi, aweke mrija, akuonyeshe mistari ya sauti ndogo, ya kati na kubwa, kisha akuchapishie. Kama hana mashine hiyo, tafuta aliye nayo, ukauliza mapema kama anaweza kuifungua programu ya vifaa vyenu. Ukiwa na ile odiogramu, funika jina la mzee uiweke hapa, na useme anavaa kijikofia cha wazi au kinachobana. Nitakuambia pa kuangalia kwanza.