Umeteuliwa kusimamia usalama wa mionzi? Soma hii kabla hujasaini

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa na mistari minne. Kwamba mimi, radiografa, kuanzia tarehe ile ndiye Afisa Usalama wa Mionzi wa hospitali, na kwamba uongozi una imani nami. Nikasaini, nikairudisha masjala, nikaendelea kupiga picha za vifua. Kazi yenyewe ni ipi, hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Wiki kama tano baadaye nikaingia chumba cha eksirei asubuhi, nikakuta AC mpya, zile za kusimama chini. Nikafurahi kweli, maana chumba kile miezi ya joto unatoka umelowa shati. Nikazima taa ili nikague mwanga wa mashine kabla ya mgonjwa wa kwanza. Gizani nikaona duara la mwanga ukutani, pembeni ya bomba la AC. Nikatoka korido kuangalia linatokea wapi. Linatokea nyuma ya benchi wanakosubiri kina mama na watoto, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa.

Fundi alikuwa ametoboa ukuta Jumamosi. Ukuta ule si wa kugawa vyumba tu. Unene wake ulipigiwa hesabu, na mchoro wake ulikuwa kwenye maombi ya leseni.

Nikaanza kuzunguka. Matengenezo wakasema waliambiwa wafunge AC, wamefunga. Katibu wa hospitali akasema yeye ameidhinisha malipo, mambo ya ukuta ni ya matengenezo. Mganga mfawidhi ndiyo kwanza alisikia kwangu. Na kila niliyemfuata alimaliza kwa sentensi ileile: "Kwani afisa wa mionzi si wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa wenzangu walivyoisoma ile barua. Waliisoma kama hati ya kuhamisha mzigo: hospitali imeteua mtu, basi mionzi ni shida yake huyo mtu. Mambo hayaendi hivyo. Huku kwetu Tanzania, Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003 imeipa Tume ya Nguvu za Atomu kazi ya kutoa leseni na kukagua. Leseni inatolewa kwa mwenye mashine, na wajibu wa kwanza unabaki kwake: mmiliki na uongozi wake. Wewe afisa ni jicho lao. Unakagua, unaandika, unafundisha, unapiga kelele. Lakini huna fungu la fedha, na fundi hakuji kwako kuomba ruhusa, labda uongozi umwambie hivyo.

Siku ile nilisema chumba kifungwe. Meneja wa fedha hakunielewa kabisa, akanihesabia wagonjwa watakaokwenda kupigwa picha kwingine. Katika barua yangu hapakuwa na neno hata moja linalonipa mamlaka ya kusimamisha kazi. Kilichoniokoa ni mganga mfawidhi mwenyewe, aliyekuja korido, akainama, akachungulia lile tundu kwa jicho lake. Alipoinuka akasema, "Funga." Tukawasiliana na Tume, vipimo vikachukuliwa, tundu likazibwa kwa risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, na zege. Bahati yetu, kilichokuwa kinapenya kilikuwa kidogo, kwa sababu mwale mkuu haukuwa ukielekezwa upande ule. Ingekuwa ukuta wa stendi ya kifua, ambako mwale mkuu huelekezwa, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyepewa barua, irudishe kwa adabu. Omba iandikwe kwamba unaweza kusimamisha kazi ukiona hatari bila kusubiri kikao. Omba uwe unaripoti moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, si kupitia watu watatu. Na omba iandikwe kwamba hakuna anayegusa ukuta, mlango, dirisha la kioo cha risasi wala mashine kabla hujasaini. Mimi ya kwangu ilirudi na ukurasa mzima, na hakuna aliyenuna. Wengi hawakatai, hawakuwahi kufikiria tu.

Ukishapata karatasi, inabaki kazi ya watu, na hiyo ndiyo ngumu.

Anza na wenzako wa idara. Beji ya kupima mionzi ni ya kuvaliwa kifuani, chini ya aproni ya risasi. Si ya kuning'inizwa kwenye kioo cha gari. Robo moja ya mwaka majibu ya beji yalirudi, mwenzetu mmoja ana kiwango kilichotutisha, mke wake akaanza kulia kwenye simu. Kumbe jamaa alikuwa akivua aproni na beji ikiwa imebanwa humohumo, anaitundika ndani ya chumba, mashine inaipiga siku nzima yeye yuko nyumbani. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka ukipigwa kwa miaka 5, na mwaka wowote isizidi 50. Lakini namba hizo zina maana pale tu beji inapokuwa mwilini mwako. Kununua beji na kufuatilia majibu yake ni wajibu wa uongozi. Kuivaa ni wajibu wako, na hapo usimlaumu mtu. Na dada akijua ni mjamzito, aseme mapema. Mtoto tumboni anahesabiwa kama mwananchi wa kawaida, milisiveti 1 tu kwa muda wote wa ujauzito uliobaki, na ni kazi ya hospitali kumpangia majukumu yanayolingana na hilo.

Kuhusu madaktari nitasema kwa heshima: fomu iliyoandikwa "picha ya kifua" bila sababu, mimi siku hizi naipigia simu. Kuamua kama picha inahitajika ni kazi ya daktari, kuipiga vizuri kwa kiwango kidogo inavyowezekana ni yangu. CT scan moja ya tumbo inaweza kuzidi picha ya kifua zaidi ya mara mia. Haifanywi kwa sababu tu mgonjwa ana bima.

Wahudumu wa usafi msiwasahau. Mama mmoja alikuwa anapiga deki chumba chetu huku amebana pumzi, anaogopa kuvuta mionzi. Nilimwelekeza: mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi imekwisha, haibaki kwenye sakafu wala hewani. Ila taa nyekundu ikiwaka, usifungue mlango hata ukiitwa na mkurugenzi.

Penye vyanzo vya tiba mionzi, yaani vitu vinavyotoa mionzi vyenyewe muda wote, hali ni nyingine, maana chanzo hakina swichi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, kliniki ilikuwa imehama na kuacha mashine yenye sesiamu-137 kwenye jengo la zamani, bila kuiarifu mamlaka ya leseni. Waokota vyuma wakaibeba, wakaifungua. Unga uliong'aa rangi ya buluu ukagawanywa majumbani, watoto wakauchezea. Watu 4 walikufa na 249 walikutwa wamechafuliwa. Chanzo kilibaki bila mtu wa kukisimamia.

Kwetu, mchoro wa chumba sasa umebandikwa mlangoni mwa matengenezo, na namba yangu ya simu chini yake. Juzi fundi wa intaneti alifika na drili begani. Alinipigia akiwa bado getini.