Jibu: Maji ni safi, mbona samaki wanapungua?

Ndugu, umeuliza kwa nini samaki wanapungua ilhali maji ya mto ni safi. Mimi ningeangalia njia zao kwanza. Mto ni vijito, mkondo mkuu na mabonde ya mafuriko, na samaki wengi hutaga sehemu moja wakakulia nyingine. Hata kalvati lililoinuka juu ya maji hukata safari hiyo. Kwenye mto Elwha, Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Samaki aina ya samoni wakapanda tena hadi maeneo waliyozuiwa kufika kwa karibu miaka 100. Ila usikimbilie kubomoa: wakati mwingine kizuizi ndicho kinachowazuia samaki wageni waharibifu wasipande juu.