Inveta inakata ukiwasha jagi? Usikimbilie dukani

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, mimi huhama nyumbani Mikindani nikaingia kwenye Hiace yangu kuukuu. Nyuma kuna kitanda, friji dogo, blenda, betri 2 za Ah 100 (ampia-saa, yaani ujazo wa betri) na inveta ya wati 2000, kidude kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nazunguka Tandahimba na Newala kule wanakopima korosho, nauza juisi na chai, usiku nalala humo humo.

Mwaka juzi inveta ikaanza vituko. Taa sawa. Simu za wateja 10 zinachaji sawa. Blenda inasaga embe bila kulalamika. Nikichomeka jagi la umeme tu: pii-pii-pii, kimya. Maji hata uvuguvugu hayajapata. Mama lishe wa jirani akapata cha kunichekea: "Dada, hicho kidude chako kikiona maji kinazimia!"

Fundi wa kwanza aliifungua, akainusa, akasema imeungua ndani. Nikanunua nyingine. Nayo siku ya kwanza, jagi la kwanza, pii-pii-pii. Hapo ndipo nilipoacha kuilaumu inveta nikaanza kupiga hesabu.

Chini ya jagi langu pameandikwa wati 1500. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 125 (wingi wa umeme unaopita kwenye waya kutoka kwenye betri), na kwa kuwa inveta nayo inakula chake, weka 140. Blenda ya wati 400 haifiki hata 40. Sasa, inveta nyingi za volti 12 hujizima umeme unaozifikia ukishuka hadi volti 10.5 hivi, zisije zikainyonya betri mpaka ife. Yaani ilipokuwa inakata ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Cha kutafuta ni volti zinapotelea wapi.

Nunua mita, hata ile ya bei ya chini kabisa. Mwambie mtu awashe jagi, na wewe upime haraka kabla haijakata, mara 2: kwanza kwenye vichwa vya risasi vya betri yenyewe (siyo kwenye kibanio cha waya), halafu kwenye skrubu za inveta. Kupima jagi likiwa limezimwa hakukusaidii kitu, maana mzigo usipokuwepo kila kitu kinaonekana kizima.

Mimi nilipata 11.6 kwenye betri na 10.2 kwenye inveta. Volti 1.4 zimeishia njiani! Zidisha kwa ampia 140: karibu wati 200 zilikuwa zinapasha waya moto badala ya chai. Nikapapasa waya, kweli una joto. Nilipofika kwenye kichwa chake upande wa chanya nikatoa mkono haraka. Plastiki ilishalainika, na chini yake kutu ya kijani imejaa, zawadi ya upepo wa chumvi wa huku kwetu. Aliyenifungia alitumia waya wa milimita za mraba 10, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, na kichwa alikibana kwa koleo la kawaida.

Nikahamisha inveta ikawa mita 1 kutoka kwenye betri. Nikanunua waya wa mashine ya kuchomelea, wa milimita za mraba 35, kwa sababu ni mnene lakini unapindika, na vichwa nikabaniwa kwa mashine yake. Kutu niliisugua kwa magadi soda na maji ya moto, nikakausha, nikapaka grisi. Fyuzi iweke jirani na betri. Na kabla hujagusa chochote vua pete, kisha anza kufungua waya wa hasi.

Nilipopima tena: 11.5 na 11.3. Maji yakachemka, mama lishe akanyamaza.

Ikiwa kwenye betri yenyewe ndiko volti zinakoporomoka chini ya 10.5, waya hauna kosa, betri imechoka, hata kama ikipumzika inakuonyesha 12.6. Ukiwa na betri 2 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), toa chanya kwenye moja na hasi kwenye nyingine, la sivyo moja itabeba mzigo na kufa mapema.

Angalia pia inakata wakati gani. Ikikata pale pale friji linapotaka kuwaka, huenda ni mota ya friji: kwa sekunde ya kwanza inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Ikikata baada ya dakika 10 na bodi haishikiki kwa joto, ipe hewa. Ya kwangu niliwahi kuiweka chini ya godoro, sitaki kulizungumzia.

Hata hivyo, chai ya biashara sasa napikia gesi. Betri za Ah 200 zikivutwa ampia 140 hazimalizi hata saa moja, na ukizizoesha kukauka hivyo utanunua nyingine kila msimu. Jagi naliwasha mchana tu, jua likiwa kali na sola inajaza betri, kwa kikombe changu mwenyewe. Ile inveta ya kwanza, "iliyoungua", iko kwa shemeji yangu Mikindani. Anaangalia nayo mpira.