Sevisi ya pikipiki: ipi ya kwako, ipi ya fundi

Swali la "nifanye sevisi mwenyewe au nimpelekee fundi?" likiulizwa hivyo kwa jumla halina jibu, kwa sababu sevisi si kazi moja. Ndani yake kuna kupaka cheni mafuta, jambo la dakika kumi, na kuna kuseti valvu (vile vilango vya injini vya kuingiza hewa na kutoa moshi), ambako unapima nafasi ambayo mara nyingine haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Mimi huigawa kazi kwa kazi, na kila moja naipa maswali mawili. Nikiikosea, kitaharibika nini? Na nikimaliza, nitajuaje kwamba nimeipatia? Kazi ambayo kosa lake ni dogo na matokeo yake yanaonekana kwa macho, naifanya mwenyewe. Kazi ambayo kosa lake litajificha mpaka niwe kwenye mwendo, nalipa.

Kuna kazi nyingine hazihitaji hata maswali hayo, kwa sababu zinarudi mara nyingi mno. Cheni ndiyo ya kwanza. Watengenezaji wengi wanataka ipakwe mafuta kila kilomita 500 hadi 1000, na mapema zaidi ukipita kwenye mvua au vumbi. Nani atapanga foleni gereji kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya kupaka cheni? Hakuna. Kwa hiyo mwenye pikipiki asiyeijua cheni yake kwa kweli hana mtu anayeitunza, hata kama ana fundi mzuri kuliko wote.

Namna ya kuikagua ni hii. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, gia iwe nyutro na injini imezimwa, ondoka kabisa kwenye mazoea ya kusafisha cheni huku injini inazungusha gurudumu, maana hapo ndipo watu hupoteza vidole. Shika cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, uisukume juu na chini. Pikipiki nyingi za barabarani zinataka icheze kati ya milimita 20 na 35. Kipimo chako kimeandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho kwenye uma wa gurudumu la nyuma. Kisha zungusha gurudumu kidogo, pima tena. Zungusha, pima tena. Cheni iliyotumika haichakai sawasawa. Ina mahali inakaza na mahali inalegea, na kipimo unachokifuata ni cha pale inapokaza zaidi. Ukiseti kwa kufuata pale palipolegea, gurudumu likizunguka cheni itavutika kama kamba, na mzigo wote utaangukia beringi za gurudumu na shafti inayotoka kwenye giaboksi. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huua vitu vya bei kubwa kuliko iliyolegea kidogo. Ukishaseti, hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana, kaza nati ya ekseli, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza gurudumu.

Kusafisha tumia mafuta ya taa na brashi laini. Petroli achana nayo: hatari ya moto ipo, na kama cheni yako ina oringi, yaani vipete vya mpira kwenye viungo vyake, petroli itazikausha. Usiinunulie brashi ya waya pia.

Kwenye kundi hilohilo la kazi za mwenye chombo naweka upepo wa tairi (pima tairi zikiwa baridi), taa, maji ya betri kwa betri zinazojazwa, kukaza waya wa klachi, na kurekebisha breki ya nyuma ya dramu. Naweka na kuosha pia. Anayeosha kwa mkono ndiye anayeona kwanza nati iliyokimbia, spoku iliyolegea, mafuta yanayovuja kwenye shokapu. Ila usielekeze maji ya presha kwenye beringi za gurudumu wala kwenye cheni.

Sasa oili, maana hapa ndipo ubishi wa gharama ulipo. Kumwaga oili kwenye pikipiki ndogo ni kazi rahisi: pasha injini joto dakika chache, kinga chombo, fungua bolti ya chini, acha ichuruzike, badilisha washa ya bolti (ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa chake), rudisha, jaza. Kosa la kwanza linalowaponza watu ni kukaza ile bolti kwa hasira. Kasha la injini ni alumini, bolti ni chuma. Nyuzi za alumini zikilika, umehamisha kazi ya nusu saa kuwa kazi ya kufungua kasha na kutengeneza nyuzi upya. Wala si wanaojifunza tu wanaofanya hivyo. Niliwahi kununua pikipiki iliyotumika ambayo bolti yake ilikuwa imekazwa na gereji fulani mpaka spana ya kawaida haikufua dafu, na ilipotoka ilitoka na nyuzi zake. Ukiwa na spana ya kupimia ukazo, fuata kipimo cha kitabu. Huna? Kaza kwa spana fupi, washa ikishabanwa simama.

La pili ni aina ya oili. Kwenye pikipiki nyingi, oili moja inahudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili ya gari inaweza kuwa na viungo vya kupunguza msuguano, vizuri kwa injini ya gari, lakini klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano huohuo. Ikiupoteza inaanza kuteleza. Tafuta chupa yenye maandishi JASO MA au MA2. Unene, kama 10W-30 au 20W-50, fuata kitabu, si ushauri wa muuzaji.

La tatu ni kupima kiwango huku pikipiki imelala kwenye stendi ya pembeni. Isimamishe wima. Na kama inapimwa kwa kijiti, angalia kitabu kinasema kijiti kifungwe au kiegemezwe tu. Pikipiki nyingi ndogo zinataka kiegemezwe bila kuzungushwa, na tofauti hiyo inatosha kukudanganya.

Twende kwenye hela. Bei ya sevisi ina mafungu matatu: vitu vinavyowekwa, ufundi, na faida ya gereji juu ya vitu hivyo. Oili ina bei yake dukani hata aimimine nani. Unachookoa ukifanya mwenyewe ni ufundi na ile faida, basi. Ndiyo maana kwenye pikipiki ndogo, ambayo oili yake ni kama lita moja, akiba ya kila sevisi si kubwa kama watu wanavyojisifia. Inakuwa kubwa kwa kujirudia.

Piga hesabu hii kabla hujanunua sanduku la spana. Chukua bei ya vifaa unavyohitaji, igawe kwa kile fundi anachotoza kama ufundi wa kumwaga oili. Tuseme jibu ni sita, yaani vifaa vinajilipa baada ya kumwaga oili mara sita. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka na kumwaga kila kilomita 3000 anamwaga mara nne, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja na nusu anakula faida. Anayetembea kilomita 3000 kwa mwaka atasubiri miaka sita. Huyo wa pili, kama hapendi kuchafua mikono, ampe fundi tu wala asijione mzembe. Huyo wa kwanza aongeze jambo jingine kwenye hesabu: muda wa kwenda gereji, kusubiri na kurudi, nao una bei, hasa kama pikipiki ndiyo inayomwingizia riziki.

Lakini kuna gharama ambayo ilishaamuliwa siku uliyonunua pikipiki, na watu wachache huiuliza. Valvu. Kwenye injini nyingi ndogo valvu zinasetiwa kwa skrubu na nati: injini ikiwa baridi, fundi anafungua vifuniko, anaingiza fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), anageuza bisibisi, anakaza nati, kwisha. Kwenye injini nyingi kubwa za kisasa nafasi inarekebishwa kwa kubadilisha vidonge vya chuma vya unene tofauti, na kuvifikia kunaweza kudai kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu, itoke. Hizo hukaguliwa mara chache, nyingi baada ya zaidi ya kilomita 20,000, ila zamu ikifika unalipia saa kadhaa za ufundi. Ukiwa bado unachagua pikipiki, muulize fundi swali hilo kabla ya kuuliza inakimbia kiasi gani.

Valvu zenyewe mimi humpa fundi, hata zile za skrubu. Si kwamba kazi ni ngumu sana. Tatizo ni lile swali la pili: kosa lake halionekani. Valvu iliyolegea hugonga, unaisikia, unarudi. Valvu iliyobana iko kimya, injini inasikika tamu kabisa, na huku valvu ya moshi haifungi vizuri, inashindwa kupoa na inaungua taratibu. Ukimya unaopenda kuusikia ndio wa kuutilia shaka. Breki za mafuta nazo nampa, zikifika hatua ya kubadilisha mafuta na kutoa hewa. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili, iwe umeitembelea pikipiki au hukuitembelea. Fundi mwenye mazoea anamaliza haraka. Mimi nikiacha kiputo cha hewa humo ndani, nitakigundua nikiwa nataka kusimama.

Vingine ninavyolipia bila kubishana: beringi za usukani, kunyoosha ringi, umeme unaokataa kueleweka.

Fundi yupi, basi? Gereji ya wakala kwa kawaida hutoza ufundi kwa saa zilizopangwa na mtengenezaji kwa kila kazi, hata kama mtu wao kamaliza mapema. Ni ghali, lakini wana vifaa maalumu na kompyuta ya kusoma kasoro za mfumo wa sindano za petroli. Kwa pikipiki mpya, sevisi ya kwanza, ile ya karibu kilomita 1000, mimi ningeipeleka hapo: injini ndiyo kwanza imetoa vumbi lake la chuma, bolti na valvu zinahitaji kukaguliwa, na muhuri unaingia kwenye kitabu cha dhamana. Baada ya hapo soma masharti ya dhamana yako mwenyewe badala ya kuamini maneno ya kaunta. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya tangu 1975 inayomzuia mtengenezaji kukunyima dhamana kwa sababu tu sevisi imefanywa na mtu mwingine. Kwingine mambo yako tofauti. Popote ulipo, tunza risiti za oili na filta, andika tarehe na kilomita kwenye daftari. Mnunuzi wa kesho atalitaka daftari hilo pia.

Fundi wa kawaida mimi humpima kwa mambo mawili. Je, anakubali nisimame karibu akifanya kazi? Na je, ananirudishia vipuri vya zamani bila kununa? La pili nililianza baada ya gereji moja kunitoza filta mpya ya hewa. Ile ya zamani nilikuwa nimeiandika herufi ndogo kwa kalamu pembeni, kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu. Nilipofungua kifuniko nikaikuta herufi yangu, na filta imepulizwa upepo ikapendeza.

"Fundi, filta mpya iko wapi?"

"Hiyo ilikuwa bado nzima, bosi."

Inawezekana kabisa ilikuwa nzima. Bili ndiyo iliyosema vingine. Tangu hapo naomba vipuri vya zamani viwekwe kwenye mfuko, na naomba kabla kazi haijaanza, kwa lugha ya heshima, maana fundi mwaminifu haoni tabu na huyo mwingine anabadilika papo hapo.

Ukienda kuichukua, usilipe ukiwa umekaa. Angalia kiwango cha oili huku pikipiki imesimama wima, chungulia chini kama bolti inavuja, pima cheni, gusa nati ya ekseli. Na kama pedi za breki zimebadilishwa, bana mkono wa breki mara kadhaa, na pedali ya nyuma pia, kabla hujawasha injini. Fundi akiweka pedi mpya hurudisha ndani pistoni za breki, zile zinazosukuma pedi, na zisipopampiwa, mbano wako wa kwanza hautakuta kitu.